Visima Kumi na Viwili vya Sekgwaneng

Mheshimiwa Kgosi Ramosweu, mtawala na mlezi wa Sekgwaneng. Waheshimiwa wajomba zake Kgosi. Mheshimiwa Diwani wa kata ya juu. Mheshimiwa Diwani wa kata ya chini, ambaye naona amekaa mbali kabisa na mwenzake. Wachungaji wa makanisa yote, likiwemo lile lisilo na paa. Wenyeviti, makamu wenyeviti na wanaotarajia kuwa wenyeviti. Bi Lorato, mtaalamu wangu wa kompyuta. Mabibi, mabwana, na wote mliokuja na ndoo: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Ndoo zinagongwa.)

Mimi, Mogomotsi Selato, Afisa Mratibu Mwandamizi wa Maji, Mifugo na Mambo Yanayofanana na Hayo, nasimama mbele ya baraza hili la kgotla kuzindua mradi ambao sijawahi kuona mfano wake, na mimi nimeona mengi. Mlilalamika tangu Januari kwamba mto umekauka na ng'ombe wanakufa. Ofisi yangu haikulala! Tuliunda kamati, kamati ikaunda kikosi kazi, na kikosi kazi, baada ya semina elekezi tatu, kikabaini kwamba changamoto kuu ya Sekgwaneng ni ukosefu wa maji. (Sauti: "Hee! Kumbe!")

Bi Lorato, washa. (Jenereta inanguruma. Televisheni kubwa inawaka.) Tazameni hicho kisima! Zamani kuchimba kisima kimoja kulitaka mashine, mafundi, na matope mpaka masikioni. Leo tunayo programu ya kuchora vitu kwa kompyuta, na Bi Lorato anakigusa tu kisima, anabonyeza nakili, anabonyeza bandika, tena bandika, tena na tena, na kabla chai yangu haijapoa, visima kumi na viwili! Hilo ni ongezeko la asilimia elfu moja na mia moja, na anayebisha alete kikokotoo chake hapa mbele. (Makofi machache. Mzee mmoja: "Rra, bwana wangu, mbona mimi naona kimoja tu?")

Mzee wangu, macho yako hayana tatizo. Kitaalamu, nakala huzaliwa palepale alipo mwenzake, kwa hiyo visima vyote kumi na viwili vimo ndani ya shimo moja, jambo ambalo limetuokolea ardhi nyingi sana. Kuvisogeza ni awamu ya pili. (Kicheko.)

Nije kwenye tangi. Ninajua kata hizi mbili zimegombana miaka minne, tangi likae kwa nani. Leo ugomvi umekwisha! Bi Lorato, gawanya. (Kwenye televisheni, tangi linapasuka katikati kuanzia juu mpaka chini.) Nusu kata ya juu, nusu kata ya chini, sawasawa, hakuna aliyependelewa. (Mma Seabelo, mama mwenye ndoo ya bluu: "Rra, tangi limepasuliwa kama mkate, maji yatakaa wapi?") Swali zuri sana, Mma. Nimelipokea na litajibiwa kwa maandishi.

Na sasa, matunda ya mradi: ng'ombe mia tatu na sitini, wanono, wakinywa kwa nafasi. Hao tumeshawasogeza. (Ng'ombe wanajaa kwenye televisheni. Mma Seabelo anasimama: "Ngoja kwanza! Wote wana mikato miwili kwenye sikio la kushoto. Hiyo alama ni yangu. Na hilo baka jeupe puani ... jamani, huyo ni Khunwana wangu!" Kicheko kikubwa.)

Hongera, Mma! Umeingia hapa na ng'ombe mmoja, unatoka na mia tatu na sitini! (Mma Seabelo: "Hata huyo mmoja sina, Rra. Mlimpiga picha Januari mkaniambia maji yanakuja. Alikufa kwa kiu wiki iliyopita. Nimebaki na ndama wake, na ndoo hii nimeileta nimpelekee maji.")

Pole, Mma. Pole sana. Niseme ... niseme tu kwamba kwenye faili letu hajafa, na hatufuti kitu. (Jenereta inakohoa, inazimika. Televisheni inakuwa nyeusi.)

Msihofu, nimemaliza. Sekgwaneng kwa maendeleo! Maji ni uhai! (Mtu anapiga chafya.) Pula! Mvua na inyeshe! (Wachache, kwa adabu: "Pula.") Namshukuru Kgosi kwa kiti, namshukuru Bi Lorato kwa kubonyeza, na zaidi ya yote nawashukuru nyinyi wananchi kwa kujitokeza kwa wingi kuzindua visima ambavyo, mara tu tutakapompata mtu wa kuchimba, na mahali pa kuchimba, tutaanza kuvifikiria. Samahani, koo limenikauka. Hakuna maji hapa? (Mma Seabelo anatoa chupa kwenye ndoo yake, anamimina kikombe, anampelekea kwa mikono miwili.)

Aa! Matamu. Ya wapi haya, Mma? ("Nimeyafukua kwenye mchanga wa mto tangu alfajiri, Rra. Ni ya ndama.")

Mungu akubariki. Niongeze kidogo tu, Mma.

(Mma Seabelo anafunga chupa. "Bonyeza nakili, Rra. Halafu bandika.")