Koti la Manyoya na Pazia la Runinga

Jumatatu, tarehe 4

Leo nimeletewa kazi, na kazi yenyewe ina harufu. Kaingia mwanamume kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba isiyo na jua. Akasema yeye ni mwanamuziki. Nyuma yake mpiga picha, mpole, kimya. Wapole ndio ninaowaogopa.

Mwanamuziki anataka koti la manyoya lifike visiginoni. Nimempa jina palepale: Manyoya. Halafu nguo za wasichana watano watakaocheza kwenye video yake. Akanipa kitambaa chao. Nikaanza kukikunjua, kikaisha! Nikamuuliza kilichobaki kinaletwa lini. Akacheka, akasema ndiyo nguo nzima hiyo, bibi. Nguo! Mimi naepulia sufuria kwa kitambaa kikubwa kuliko hicho.

Nikamuuliza tena: kamera moja, uwanja mmoja, mbona wewe usikie baridi na wao wasikie joto? Akasema ni sanaa. Haya.

Kwa vipimo kaniachia blauzi tano za wasichana wenyewe. Moja nikaigeuza ndani nje. Mshono wangu! Blauzi ya Kasuku, mjukuu wangu ninayelala naye chumba kimoja, mke mwenzangu huyo anayeniaga kila wiki kwamba anakwenda mazoezi ya kuimba! Kikulacho ki nguoni mwako. Naandika tu hapa. Shule sikuiona hata uani, herufi nimefundishwa na maboksi ya nyuzi, lakini ushahidi ni ushahidi.

Jumanne, tarehe 5

Uchunguzi umeanza. Nimewasha runinga, kipindi cha muziki. Mzee, mume wangu, ghafla mgongo umepona! Kavuta kiti hadi pua iguse kioo. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anasikiliza magitaa. Anasikiliza kwa macho!

Nikachukua kipande cha pazia, nikakipiga pindo, nikakining'iniza kifunike nusu ya chini ya runinga. Nikamwambia sasa tutatazama nyuso, kama watu waliolelewa.

Tukatazama. Ajabu ya mwaka. Uso wa mwanamume upo, anaimba, anakunja ndita, anaonyesha pete. Nikangoja uso wa mwanamke. Wimbo ukaisha. Ukaja mwingine. Wasichana wako tele, naona pazia linavyometameta, lakini wote wako chini yake! Hakuna mwenye kichwa. Kama nyama buchani, kila mmoja kaletwa kipande. Mara moja kilipita kidevu. Nikakipigia makofi.

Mzee akanung'unika kwamba nyimbo za leo zimekuwa fupi. Nikamjibu na chakula cha leo kitakuwa kifupi.

Nacheka, lakini moyo haucheki. Uso wa Kasuku nimeuosha mimi tangu haujajua kufumba macho kwa sabuni. Leo waje waukate?

Alhamisi, tarehe 7

Koti limekwisha. Hila nayo imekwisha. Naiandika wazi nisije nikaisahau: kuna mshono wa cherehani, huo unashika. Na kuna bandi, mishono mirefu ya mkono ya kushikizia tu, ambayo fundi huifumua baadaye. Mikono na mgongo wa koti nimeviacha kwenye bandi. Ukilitazama, koti la mfalme. Akiinua mkono tu, kwisha! Litamfumukia kabla wasichana hawajatoka, aibu itampeleka kwao, na Kasuku atarudi nyumbani na kichwa chake.

Baadaye Kasuku kaja kunitungia uzi, maana tundu la sindano na mimi hatuonani siku hizi. Akajisemea yote bila kubanwa. Kiitikio cha wimbo ule wa video kakitunga yeye, kakiimba yeye. Ila Manyoya anataka kwenye video Kasuku aonekane akiosha gari, kainama, na sauti itoke hewani tu kama ya jini. Akasema akikubali safari hii, atabaki jini maisha yake yote. Yeye na wenzake wameshapanga la kumwambia. Anachotaka ni kimoja: uso wake uonekane ukiimba.

Halafu akanishika mkono. Bibi wewe, nakujua, nakuomba usifanye lolote. Nikasema mimi? Kikongwe kama mimi nifanye nini?

Koti nilikuwa nimelikalia.

Jumamosi, tarehe 9

Nimejialika kwenye kupiga video. Ni kwenye uwanja wa gereji. Nikawaambia nguo mpya ni kama mgonjwa, haiachwi peke yake siku ya kwanza. Manyoya kaja na koti, na ndani ya koti kaptula ya kuogelea basi, ili kifua kionekane na mkufu wake. Vizuri sana, nikasema moyoni. Inua mkono, baba. Inua.

Wasichana wakatokea. Suruali! Mashati yamefungwa vifungo hadi shingoni! Kasuku mbele. Akamwambia vile vitambaa hawavai, na kiitikio atakiimba mwenyewe akiitazama kamera. La sivyo Manyoya akiimbe. Manyoya akajaribu. Jogoo aliyekabwa ana staha zaidi. Mafundi wa gereji waliweka spana chini wakaziba masikio.

Akalegea. Kasuku akaongeza: na koti nivae mimi, mwenye sauti ndiye mwenye koti. Manyoya akaanza kuvua.

Nikapiga ukelele. Koti hapana! Wote wakanigeukia. Manyoya akafurahi, akasema mnaona, hata bibi yake hataki, akaanza kulivaa tena! Kasuku akanikata jicho. Jicho lenyewe nilimfundisha mimi.

Kasuku akalitwaa, akalivaa. Akaimba. Ee Mungu, ile sauti. Akainua mkono wa kulia, mkono wa koti ukabaki chini. Akainua wa kushoto. Mgongo ukafunguka kama mlango. Watu wakaangua kicheko, na kamera, kwa mazoea yake, ikateremka kiunoni kutafuta riziki.

Kasuku hakunyamaza. Akaisogelea kamera huku anaimba, akaishika pua, akainyanyua hadi usoni pake. Akamalizia kiitikio hapohapo, jasho linamtiririka, macho makavu. Kicheko kikafa. Mpiga picha hakuizima.

Manyoya alikuwa amebaki na kaptula katikati ya uwanja, upepo unavuma. Kaokota kile kitambaa cha wasichana ajisitiri. Mbele kikatosha kidogo. Nyuma nikamwambia: nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu.

Jumapili, tarehe 24

Video imetoka. Pazia sikuliondoa. Uso wa Kasuku ukachomoza juu ya pindo, mzima, na masikio yake yote mawili. Chini ya pazia alikuwa Manyoya. Mzee kalia, akasingizia moshi wa jikoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Kasuku hakunipa pole wala asante. Kasema kile alichotaka alikuwa amekipata kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nusura nikizamishe, mara mbili, kwa uzi na kwa ukelele. Kasema nisimwokoe tena bila kumuuliza. Nikamwambia bila bandi yangu nani angemwona akiinyanyua kamera? Akafumba macho kama wakati ule wa sabuni. Akaniapisha, mkono juu ya cherehani, kwamba sitagusa tena mshono wa nguo ya mtu. Nimeapa. Mimi ni mtu wa neno langu.

Ila yule mpiga picha mpole kaja leo kutusalimia. Tena. Anasema anapenda kazi ya Kasuku. Kazi! Yuko sebuleni anamtazama usoni tu, hateremshi macho hata kidogo. Nani anatazama hivyo kama hana lake jambo?

Viatu vyake kaviacha hapa mlangoni. Soli zimeshonwa kwa mkono.

Viatu sikuviapia.