Simu Iliyozidi Mfuko

Jumatatu, 3 Machi

Suruali tatu zimerudi leo. Tatu! Zote nimeshona mimi, na zote zimechanika mahali pamoja: mdomo wa mfuko. Mwalimu wa hesabu alitoa simu yake akaiweka juu ya cherehani yangu kama kizibiti cha mahakamani. Nikaitazama. Ile si simu, ni kibao cha kukatia nyama. Nikamwambia mfuko wangu hauna kosa, kosa ni la simu. Akasema lakini simu hakuishona yeye. Watu wakacheka. Aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi ni Pima.

Pima ni mtoto wa baba yangu mdogo. Jina hilo alilipata utotoni, kwa sababu alikuwa akipima kila kitu, hata mkate kabla ya kuula. Shangazi ndiye aliyetulea wote wawili, akatufundisha kushona, na karakana hii ni yake. Sasa magoti yamemchosha, anataka kupumzika. Ufunguo wa karakana anauvaa shingoni kwa utepe mwekundu, na mwezi huu atamvisha mmoja wetu. Mkubwa ni mimi. Kwa hiyo ni mimi. Lakini siku hizi Pima ananichekea mno, na mtu akikuchekea bila sababu, sababu anayo.

Hebu nifikiri kwa utulivu. Shangazi alitufundisha kwamba mfuko wa suruali hupimwa kwa kiganja cha mwenyewe, na vidole viwili juu. Sheria hiyo imetufaa tangu tukiwa watoto. Ghafla simu zinanenepa! Mifuko inachanika. Wateja wanakwenda kwa Pima, anaongeza kitambaa kwa ndani, wanatoka wanatabasamu. Na nani leo mchana nimemwona akinywa chai na Pima? Bwana Kioo, muuza simu wa ng'ambo ya barabara! Mmoja anauza simu zisizoingia mfukoni, mwingine anapanua mifuko. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nimeandika bango nikalibandika mlangoni: HATUSHONI MIFUKO YA KUBEBEA MILANGO. Lilikaa mpaka shangazi alipoliona. Amesema nilibandue kabla sijawafukuza hata wenye simu ndogo.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kupeleleza kwa Bwana Kioo. Mpango: najifanya mteja, namwuliza kwa nini simu zinakua, namkazia macho mpaka atoke jasho. Hakutoka jasho. Alisema wanaozitaka kubwa ni watu wenyewe. Bibi anataka kuwaona wajukuu, kijana anataka kuuona mpira. Nikamwambia zimezidi, mtu hawezi kuishika moja kwa mkono mmoja. Akakubali! Mtu anayekubali haraka hivyo anaficha jambo. Halafu akaniomba nimsomee ujumbe mmoja kwenye simu yangu ndogo. Nikaisogeza mbali. Nikaisogeza karibu. Nikaenda nayo dirishani. Bwana Kioo hakusema neno, na kunyamaza kwake ndiko kulikoniuzia.

Nimetoka na simu kubwa kuliko zote dukani. Sikushindwa, hapana. Mpelelezi lazima avae nguo za adui.

Haiingii mfukoni. Nimeibeba ndani ya mfuko wa karatasi wa duka lake, karatasi nzuri ya kaki, nzito. Karakanani nikagundua kwamba kidole gumba hakifiki juu ya kioo. Ukitaka kugusa pembe ya juu lazima utumie mkono wa pili, na mkono wa pili wa fundi una mkasi. Nimekata tepu yangu ya kupimia. Sasa inaanzia nne.

Mke wangu ameuliza kama ile ni simu au sinia. Nikamjibu kwa sauti ya chini kwamba ni kazi ya siri. Akasema siri hiyo ameiona tangu nikiwa kona ya mtaa.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nilikuwa nimelala chali nikisoma habari. Simu ikaponyoka ikaniangukia usoni. Mdomo umevimba. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Karakanani Pima akaniuliza nimepigwa na nani. Kwa nini aulize? Amejuaje kwamba nimepigwa?

Lakini hayo ni madogo. Leo nimeyaona kwa macho yangu.

Nilikuwa napiga pasi kola ya mteja, Pima amekaa mbele yangu, amenipa mgongo. Simu yake nayo ni kubwa, na yeye ameyakuza maandishi. Kioo cha namna hiyo hakina siri. Ni kama kutangaza kwa kipaza sauti. Nikanyoosha shingo. Ujumbe ulitoka kwa shangazi: "Ijumaa, walinzi wakishajaribu sare, nitautoa ufunguo mbele ya watu wote. Kaka yako asijue." Na Pima, nyoka wa kulelewa ndani, akajibu: "Sawa shangazi. Hatajua."

Nilikuja kushtuka kola inanuka moshi. Imeungua, ina alama ya pasi kamili, hadi ncha yake.

Kikulacho ki nguoni mwako! Kumbe wameshapanga. Karakana inakwenda kwa mdogo, na mimi mkubwa nibaki kushona vifungo chini yake. Niliumia, niseme ukweli. Nilikwenda nyuma ya pazia la kujaribia nguo nikakaa huko mpaka mteja mmoja alipouliza kama kuna mtu.

Nilipotoka nilikuwa na mpango. Kampuni ya ulinzi imetupa kazi ya sare. Nusu ya suruali anashona Pima, nusu mimi. Ijumaa walinzi watazivaa mbele ya shangazi. Pima ana karatasi yake ya kukatia mifuko: anailaza juu ya vitambaa vilivyopangwa, anazungushia chaki, anakata vyote kwa pamoja. Sasa je, karatasi hiyo ikiwa fupi? Mifuko yake yote itakuwa mifupi! Simu zitachungulia nje mbele ya watu. Ya kwangu nitaikata kwa kufuata simu yangu mpya, kubwa kuliko zote, ili isikose mtu.

Alipokwenda kula nikaichana ile karatasi ya kaki ya Bwana Kioo, nikakata umbo la mfuko mdogo, wa kuingia vidole tu, nikaiweka mahali pa ile yake. Ya kwake nimeikunja nikaitia kwenye soksi. Aliporudi alikata bila kuangalia, huku akipiga mluzi. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 6 Machi

Pima amegundua kitu. Asubuhi alikaa muda mrefu ameshika mifuko yake, akaingiza kiganja, kikagoma kuingia. Nikajishughulisha na bobini ya uzi. Akatoka nje kupiga simu. Mazungumzo marefu! Mkono juu, mkono chini. Aliporudi amechangamka kuliko jana.

Kisha akanijia. Akasema, kaka, kabla hujashona mifuko yako, mpigie yule msimamizi wa walinzi, umwulize watu wake wanabeba simu gani. Nadhani umeikata mikubwa mno.

Mtego! Tangu lini fundi akampa mshindani wake ushauri wa bure? Anataka niipunguze ili tuaibike wote. Nikamshukuru kwa adabu zote. Alipogeuka nikaongeza kila mfuko vidole vitatu chini.

Nimemsimulia mke wangu kuhusu mtego huo. Akaniuliza kama nimempigia msimamizi. Nikamwambia hakuwa makini kunisikiliza. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui visima vimeingiaje hapa.

Ijumaa, 7 Machi

Walinzi wamekuja. Msimamizi wao alikuwa mbele, ana buti zinazong'aa na uso wa mtu asiyekopesha. Shangazi amekaa kwenye kiti chake, amevaa gauni jipya, utepe mwekundu shingoni. Majirani wamejaa mlangoni. Bwana Kioo naye! Nikasema moyoni, njoo ushuhudie.

Wakaanza na suruali za Pima. Mlinzi wa kwanza akatoa simu yake. Simu ndogo ya vitufe! Ya pili, ya vitufe. Ya tatu hivyo hivyo. Msimamizi akaeleza kwamba lindoni simu kubwa zimepigwa marufuku tangu mlinzi mmoja alipoangalia mpira mpaka mwisho huku wezi wakibeba milango nyuma yake. Simu zao zikaingia kwenye mifuko ya Pima zikatulia, kichwa tu kikabaki nje. Msimamizi akampigia mmoja wao kwa majaribio. Jamaa akaitoa kwa vidole viwili. Msimamizi akatabasamu. Nadhani hata yeye mwenyewe alishangaa.

Zikafuata zangu.

Mlinzi mnene akatumbukiza simu mfukoni. Ikaenda. Ikaenda. Ikasimama karibu na goti. Ikapigwa. Akaingiza mkono mpaka kiwiko, akainama, suruali ikazunguka, kofia ikaanguka, na simu bado inalia kule chini. Alikuwa kama mtu anayetafuta sabuni ndani ya pipa. Msimamizi akauliza kama mwizi ataombwa asubiri. Mlangoni watu walikuwa hoi, na Bwana Kioo alikuwa anafuta machozi.

Shangazi akamsifu Pima kwa mifuko yake. Pima angeweza kunyamaza! Mtu yeyote mwenye akili angenyamaza. Yeye akasema sifa si zake. Akaeleza kwamba karatasi yake ilibadilishwa, aligundua baada ya kukata, akampigia msimamizi kuomba radhi, akaambiwa ufupi huo ndio hasa wanaoutaka. Shangazi akaomba aione karatasi hiyo. Akaipokea. Akaigeuza.

Upande wa pili, kwa maandishi makubwa mekundu: DUKA LA BWANA KIOO: ASANTE KWA KUNUNUA KUBWA KULIKO ZOTE.

Nilikuwa nimeulaza upande huo chini! Nani hugeuza karatasi ya mfuko?

Wote wakaitazama simu yangu mezani. Ilikuwa inang'aa. Haikuwezekana kuifunika kwa chochote, nilijaribu kwa kofia.

Shangazi alikuwa ameshauvua utepe nusu, umefika kwenye sikio. Akaurudisha shingoni polepole. Kisha akasema, bila kupaza sauti, kwamba Pima anaondoka kesho. Mke wake ni muuguzi, amehamishiwa hospitali ya mbali, naye anamfuata. Walificha kwa sababu alitaka kunivisha ufunguo mimi mbele ya watu, ili mtaa wote uniheshimu. Gauni lile jipya alilishona kwa ajili hiyo.

Hakuna aliyecheka tena. Nilitaka kusema samahani, likatoka neno kuhusu vipimo.

Akainuka, akaenda kwenye cherehani yake ya kukanyaga ambayo ilikuwa imefunikwa tangu mwaka jana. Akavuta kitambaa, akaniambia magoti haya yalitaka kupumzika, sasa hayapumziki. Akaanza kuifumua mifuko yangu mmoja mmoja. Nilibaki nimesimama nimeshika simu kwa mikono miwili.

Lakini naomba kuuliza. Kwa nini walificha? Wangesema tangu mwanzo, haya yote yasingetokea.

Jumamosi, 8 Machi

Pima ameondoka. Nilimrudishia karatasi yake, ikiwa imejikunja kidogo kwa sababu ya soksi. Alinikumbatia, akanishukuru, akaniomba nimtunze shangazi. Nilipomwangalia alikuwa analia. Nami nililia. Vumbi la kitambaa lilichangia.

Ameniachia zawadi, suruali mpya. Ndani ya mfuko ameongeza kitambaa kigumu na mshono mara mbili. Nikatumbukiza simu yangu. Imeingia! Haichungulii, haizami, haivuti kiuno. Nilikaa, nikainama, nikapanda ngazi. Imetulia tu.

Nilifurahi mpaka nilipofika juu ya ngazi. Hapo nikasimama. Amejuaje kipimo cha simu yangu? Sijawahi kumpa aishike. Maana yake alikuwa ananichunguza! Wiki nzima, mtu yule alikuwa ananipeleleza!

Nilimweleza mke wangu. Akaenda kuanua nguo.

Jumatatu, 10 Machi

Shangazi amefika mapema. Kabla sijaketi akanipa kazi: nimtie uzi kwenye sindano zote, macho yake hayaoni tena tundu. Anakanyaga cherehani, anapumzika, anasugua goti, anakanyaga tena. Kila goti lilipolia mimi nilitazama dirishani. Nimemletea mto wa kukalia. Ameukalia.

Adhuhuri Bwana Kioo akavuka barabara akiwa na kifurushi. Shangazi naye amenunua simu kubwa! Anasema kwa mara ya kwanza anasoma bila miwani, na uso wa Pima pichani ameuona mzima, mpaka kovu la kidevuni. Nikamuuliza kama si kubwa mno. Akasema kwake ni sawa, hana mpango wa kuiweka mfukoni.

Ameyakuza maandishi hadi mwisho. Maneno matatu yanajaza kioo. Nilikuwa karibu na mlango, napiga pasi, sina nia mbaya kabisa. Akaanza kumwandikia Pima kwa kidole kimoja, taratibu, herufi moja moja. Ningefanya nini, nifumbe macho? Nikasoma yote:

"Akitulia mwezi huu, ufunguo nitampa. Usimwambie."

Nimeacha pasi. (Kola nyingine. Nitaeleza baadaye.)

Akitulia nani? Mimi nimetulia tangu kuzaliwa, kila mtu anajua. Basi si mimi. Kuna mtu wa tatu! Fundi mgeni, anafichwa mahali, anasubiri mwezi uishe aje avishwe ufunguo wangu mbele ya mtaa. Na asubuhi hii mpiga pasi wa jirani alimsalimia shangazi kwa kuinama. Hajawahi kuinama.

Nimepekua kapu langu. Kipande cha ile karatasi ya kaki bado kipo, kinatosha kabisa. Safari hii nitakata upande usio na maandishi.