Matanga ya Shangazi Spéciose

Ludovic alipomwona yule mwanamke amesimama peke yake mbele ya sinia la mikate ya mdalasini, anatafuta mtu wa kuzungumza naye, alijua kwamba Mungu bado anaikumbuka Vårby gård, kitongoji cha wahamiaji alikokuwa akiishi. Ilikuwa baada ya ibada, kwenye ukumbi wa kanisa kule Jordbro, saa ile waumini wanapokunywa kahawa na kusengenyana kwa upendo. Mchungaji alikuwa ametoka kumtambulisha mgeni: Daktari Daphne, Mganda, msomi hasa, amepata ufadhili wa miaka miwili kuchunguza jinsi watu wetu wa vitongojini walivyoishi wakati wa korona. Anatafuta watu wa kuhojiwa. Kila atakayekubali atapewa tiketi mbili za sinema.

Waumini walisikia neno sinema. Ludovic alisikia neno ufadhili.

Kwa heshima zote, msomaji aelezwe ufadhili wa namna hii ni kitu gani. Mtu husoma shahada ya kwanza, akasoma ya pili, akasoma uzamivu, mpaka shahada zikamwishia na ajira bado haijamwona. Hapo hujitokeza mfuko wa matajiri waliokufa zamani, ukamlipa mshahara aendelee kufikiri kidogo. Mwaka huo mfuko ulikuwa unawalipa wanaofikiri kuhusu jamii na magonjwa ya mlipuko. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha kwenda zake, wamebaki wachunguzi wake.

Ludovic hakuwa na shahada. Alikuwa na koti zuri la sufu, Kiswahili kinachoteleza cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, na sofa ya binamu yake Herménégilde, ambayo mke wa binamu, Colombe, alikuwa ameanza kuitazama kwa jicho la mwenye mali. Mama yake Colombe alikuwa njiani kuja kutoka Bujumbura, na ilieleweka atalala wapi. Alichohitaji Ludovic ni mkataba wa kazi, maana katika mji huu mtu asiye na mkataba hapangishwi hata kabati. Kulikuwa na chumba Upplands Väsby, kina mlango, na mlango una ufunguo. Mtu aliyelala sebuleni kwa watu, watoto wakitazama katuni juu ya miguu yake, ndiye anayejua thamani ya mlango. Ludovic alikitaka chumba kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

"Daktari, karibu sana," alisema, akimsogezea mkate. "Nakuonea huruma. Hawa watu hawatakwambia kitu."

"Mbona wananichekea vizuri?"

"Ndiyo hivyo. Mtu wetu akikuchekea ameshafunga mlango. Umehoji wangapi?"

"Watatu." Daphne alishusha sauti. "Wote wamesema walikuwa salama na Mungu ni mwema."

"Unaona?"

Daphne aliona. Mwaka wa kwanza wa ufadhili wake ulikuwa umeliwa na kusubiri kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, na wa pili ulikuwa unakatika huku akipewa shuhuda za afya njema. "Bajeti yangu ina nafasi ya mratibu wa jamii," alisema taratibu. "Mkataba kamili. Lakini kwanza nione mahojiano."

"Utayaona," alisema Ludovic, na akabeba mikate miwili ya kwenda nayo nyumbani.

Wiki hiyo hiyo aliwakusanya watu sebuleni kwa Ghislaine, jirani aliyepanga vifurushi kwenye ghala moja kule Jordbro na ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Ella kwa jina la binti yake. Alikuwepo Nasur, dereva wa basi, walikuwepo wengine wachache, na Colombe pia, aliyekuja kuhakikisha kwamba shemeji yake kweli anatafuta kazi. Ludovic alitangaza utaratibu. Tiketi mbili kwa kila mtu: moja ya msimulizi, moja ya mratibu.

"Na mimi niende sinema na nani?" aliuliza Mama Ella. "Ella nimwache mlangoni?"

"Mama Ella, sinema ni giza. Kwenye giza kila mtu yuko peke yake."

Kisha akataka kusikia walichonacho. Nasur alisema aliendesha basi, abiria walipungua, na kusema kweli alifurahi. Mwingine alisema alinenepa. Mama Ella alisema alipanga vifurushi kila siku, hakuumwa, na kwake hakufa mtu.

"Hiyo haiuziki," alisema Ludovic. "Mfuko haujatoa hela za miaka miwili ili msomi aje kusikia kwamba ulikuwa mzima."

"Mimi simzulii mtu kifo."

"Basi wewe utakuwa wa mwisho, Daktari akiwa amechoka. Nyie wengine, sikilizeni mfano."

Akawapa mfano. Alikuwepo shangazi yake, Spéciose, kwenye nyumba ya kulelea wazee, wakati wageni wamekatazwa kuingia. Yeye Ludovic alikuwa akienda kila siku kusimama nje kwenye theluji na sahani ya lengalenga, mchicha wa kwao, akiinua sahani juu ili shangazi angalau aione. Shangazi hakuwa na nguvu ya kusema. Alikuwa akivua kandambili yake nyekundu na kumpungia nayo dirishani. Siku moja alifika, dirisha lipo, kandambili haipo.

Hapo Ludovic alijifuta machozi, na yalikuwa ya kweli. Hakuwahi kuwa na shangazi maishani mwake, na sasa alikuwa amefiwa naye. Colombe alilia mpaka akakosa kitambaa. Jioni ile alimletea shemeji yake mto wa pili na kumwambia asiwaze habari za sofa. Mtu mwenye msiba hafukuzwi, mama atalala na watoto.

"Huyu Spéciose ni wa upande gani?" aliuliza Herménégilde.

"Wa baba zetu."

"Baba zetu hawakuwa na dada."

"Unaona jinsi tulivyomtupa," alisema Ludovic kwa uchungu, na Herménégilde akainamisha kichwa.

Kosa la Ludovic, na ni kosa la mtu anayekwenda kanisani kwa ajili ya kahawa tu, ni kusahau kwamba alikuwa anazungumza na watu wa ushuhuda. Katika kanisa lile, mtu akisimama akashuhudia muujiza na ukumbi ukasema amina kwa nguvu, Jumapili inayofuata watatu wengine watakuwa wametendewa muujiza huo huo. Aliwapa mfano ili kila mtu akatunge wa kwake. Wao walisikia ushuhuda uliofaulu, wakauchukua kama ulivyo.

Daphne alimwita mgahawani karibu na chuo. Mbele yake kulikuwa na kompyuta na kikombe ambacho hakukigusa.

"Bwana Ludovic, nimehoji watu wako wote. Ukimwacha Mama Ella, ambaye anasema kwake hakufa mtu, kila mmoja amefiwa na bibi au shangazi. Na kila bibi alipunga kandambili nyekundu dirishani."

Ludovic aliuona mlango wa Upplands Väsby ukijifunga polepole. Lakini hakuitwa mjanja kwa kuonewa huruma.

"Ni mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Ni shangazi yangu. Sikutaka kumtaja. Watu walimpenda mno, Daktari, kila mmoja amemfanya wake."

Daphne alimtazama. Macho yake yakajaa maji, kisha yakajaa kitu kingine. "Kumbukumbu ya pamoja," alinong'ona. Alikuwa ameona makala, labda kitabu, labda ajira ya kudumu yenye ofisi na mlango wake. Ni vigumu kusema nani pale mezani alikuwa na njaa zaidi.

Jumapili, wakati wa kahawa, Mama Ella aligonga kikombe kwa kijiko.

"Ndugu zangu, nimeambiwa shangazi wa kaka Ludo alizikwa siku zile watu hawaruhusiwi kujaa. Mpaka leo hatujamfungia kilio. Mimi nasema ni aibu yetu."

Amina ilikuwa kubwa. Kufunga kilio, Warundi huita kuganduka, si jambo la hiari: msiba usiofungwa hubaki wazi, na mfiwa hubaki mfiwa. Watu hukusanyika, husema habari za marehemu, hula na kunywa, na anayewalisha ni mfiwa. Ludovic alimtazama Mama Ella. Alikuwa anakoroga kahawa yake ambayo haikuwa na sukari.

"Naweza kuja?" aliuliza Daphne. "Ningependa kumtangaza mratibu siku hiyo, mbele ya jamii."

Maneno hayo yalimaliza ubishi moyoni mwa Ludovic. Ludovic aliuza kwa wanafunzi kila tiketi ya sinema aliyojikusanyia, akauza na koti la sufu, akanunua mbuzi na makreti ya bia, akakodi ukumbi wa mtaa pale Vårby gård. Mtu huwekeza kabla ya kuvuna.

Matanga yalifana. Walipoomba picha ya marehemu, Ludovic alisema hakupenda kupigwa picha. Nasur alisema shangazi alikuwa anapanda basi lake na hakukosa kusalimia. Mwingine alisema alimfundisha kupika lengalenga. Herménégilde alisimama kwa niaba ya ukoo, akaomba msamaha kwa kutomjua. Ludovic alitafuna mbuzi wake, na akagundua kwamba anamkumbuka sana shangazi Spéciose. Alikuwa mtu mwema.

Kisha Daphne akasimama.

"Bwana Ludovic amenifungulia mlango, na sitamsahau. Ningemchagua yeye. Lakini kamati ya maadili haina mzaha: aliyefiwa hawezi kuratibu utafiti kuhusu msiba wake mwenyewe. Anatakiwa mtu ambaye kwake hakufa mtu. Katika watu wote alioniletea nimempata mmoja tu."

Mama Ella alikaza kitenge chake kiunoni na kwenda mbele.

Ludovic alisimama. Ukumbi mzima ukamgeukia kwa huruma. Ilitosha aseme maneno machache tu: shangazi huyu hayupo, hajawahi kuwepo. Alimtazama mchungaji, ambaye midomo yake ilikuwa inang'aa mafuta ya mbuzi. Alimtazama Herménégilde, ambaye bado alikuwa anajifuta machozi.

"Asanteni kwa kuja," alisema, na akakaa.

Colombe alikuja kumshika mkono. "Pole tena, shemeji. Lakini sasa kilio kimefungwa, tunamshukuru Mungu. Mama anatua Alhamisi, na mgongo wake hauwezi kitanda cha watoto."

Daphne hakutaka kuondoka bila sauti ya mfiwa mwenyewe. Akamketisha pembeni, akawasha kinasa sauti, na Ludovic akasimulia upya: theluji, sahani, dirisha, kandambili. Alisimulia vizuri kuliko siku zote, kwa kuwa safari hii alikuwa na kitu cha kulilia. Alipomaliza, Daphne alimkumbatia na kumpa tiketi mbili za sinema.

Mama Ella alikuwa amesimama mlangoni na binti yake, kiganja wazi.

"Moja ya msimulizi," alisema, "moja ya mratibu."

Ludovic alizitazama tiketi, akakitazama kile kiganja. "Na mimi niende sinema na nani, Mama Ella?"

"Si ni giza, kaka Ludo? Kila mtu yuko peke yake."

Akampa moja. Mama Ella alifungua pochi na kuiweka pamoja na ile moja aliyobaki nayo, ambayo hakuwa ameitumia tangu siku ya mahojiano, na Ella akaanza kuvaa koti.