Marehemu Hapokei Majarida

Jumatatu, 4 Novemba

Jarida limekuja tena. La nne hili! "Nyuki na Asali", karatasi ya kung'aa, rangi tupu. Mimi na nyuki wapi na wapi? Naishi ghorofa ya tano, katikati ya mji wa Vidin, na mgeni wangu pekee dirishani ni njiwa mwenye mguu mmoja. Sijaagiza. Sijasaini. Safari hii kuna barua pia: Bwana Evstati Mandov, umechelewa kulipa, wakili wetu ameshaarifiwa.

Mitra, mama wa posta, kanishauri niandike "Sikuagiza" juu ya bahasha, nirudishe, basi. Ushauri wa kitoto! Mtu aliyesoma mita za maji za mji mzima kwa miaka thelathini na moja hashindwi na nyuki. Nimechukua kalamu nene nikaandika: AMEFARIKI. Marehemu hapokei majarida. Marehemu hashtakiwi. Nimeitumbukiza sandukuni kwa mkono wangu, kofia nimeivuta hadi puani.

Jirani yangu Pencho, wa mlango unaotazamana na wangu, kajishindia blanketi kwa njia ya barua. Anakaa nalo kibarazani ili nimwone. Nimemwona.

Alhamisi, 7 Novemba

Ukungu umepanda kutoka mto Danube. Huoni hata ng'ambo ya barabara. Jibu limefika. Siku tatu tu! Juu imeandikwa: Kwa Ndugu wa Marehemu Evstati Mandov.

Wanatoa pole. Wanasema wanajua jinsi nyumba inavyopoa bila mtu aliyezoea kulala upande wa ukutani, kunywa chai bila sukari, na kuogopa lifti.

Nimeisoma mara tatu nimesimama. Ni kweli nalala upande wa ukutani. Na lifti naiogopa, jambo ambalo hata mke wangu, Mungu amrehemu, nilimficha. Tulipanda ngazi miaka yote "kwa ajili ya afya".

Wamejuaje?

Chini wanatoa Huduma ya Kumbukumbu, mwezi wa kwanza bure. Kuna kisanduku cha kutia alama. Maandishi yake madogo kama miguu ya chawa, lakini mtu mwerevu hujua: alama maana yake hutaki. Nimetia alama. Nimesaini kama mpwa wa marehemu. Sina mpwa. Wamekwisha!

Jumatatu, 11 Novemba

Nimejiona mlangoni mwa jengo.

Karatasi ya msiba, ukingo mweusi, msalaba juu, kama zinavyobandikwa mjini kwetu kila mtu anapofariki. Katikati ni mimi. Evstati Mandov, miaka 67, ametutoka. Picha ni ile niliyopigwa nimevaa tai ya bluu. Nyingine iko kituo cha basi. Nyingine iko kwenye mti mbele ya duka la mikate, na gundi yake ilikuwa bado mbichi. Aliyeibandika hakuwa mbali. Nikageuka. Ukungu. Nikasikia viatu vinatembea. Nikasimama. Navyo vikasimama.

Mwenye duka alinitazama, akautazama mti, akajipiga alama ya msalaba. Mkate kanisukumia kwa koleo.

Jumanne, 12 Novemba

Nimemgongea Pencho nipate shahidi kwamba niko hai. Kafungua upenyo wa kidole.

"Evstati, kama ni wewe, nenda kwa amani," akasema. "Lile kopo lako la rangi nilikuwa narudisha. Haki ya Mungu, wiki hii hii."

Nikamwambia mimi ni mzima. Akasema wote husema hivyo. Akapenyeza kopo, akafunga makomeo yote mawili. Miaka tisa nimelidai! Kufa nako kuna faida zake.

Lakini leo kengele yangu haikulia hata mara moja. Barua zimeingizwa chini ya mlango, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Tangu Pencho, hakuna aliyeniita jina. Nimelitamka mwenyewe jikoni. Lilitoka kama la mtu mwingine.

Alhamisi, 14 Novemba

Adhuhuri kaja mtu wa koti la kijivu, jalada kwapani. Hakunitazama usoni. Kasema ametumwa na Huduma ya Kumbukumbu kuthibitisha taarifa za marehemu. Nikamwambia Evstati Mandov ni mimi.

Akapekua karatasi. "Hapana," akasema kwa upole. "Wewe ni mpwa."

Akataka saini. Nikasaini! Mkono ulikwenda wenyewe. Kisha akauliza kama Bi Zlatina wa mji wa Ruse ameshajaza fomu zake.

Zlatina ni dada yangu. Hatujasemezana miaka sita, kisa jiko alilotuachia marehemu mama. Hapa hakuna mtu anayemjua.

Mgeni alipotoka nilitega sikio mlangoni. Sikusikia lifti. Sikusikia ngazi.

Nikanyanyua simu nimpigie Zlatina. Nikaiweka. Je, akipokea aanze kulia? Na je, mbaya zaidi, asilie?

Jumamosi, 16 Novemba

Zlatina kaja kwa basi la alfajiri. Kitambaa cheusi kichwani, sahani ya ngano ya kuchemsha ya matanga mikononi, sukari juu. Nikafungua mlango. Sahani ikaanguka.

Kanishika mashavu, kayavuta, kayaminya. Kisha kanizaba kofi.

"Miaka sita nimenuna kwa ajili ya jiko!" akapiga kelele. "Njia nzima nasema Mungu ameniadhibu. Kumbe namlilia mtu anayekaanga mayai!"

Mayai yaliungua. Tulikaa sakafuni tukiokota ngano, naye akilia, nami nikisema ni moshi.

Baadaye kavaa miwani akasoma barua zote. Kauliza kama nimewahi kujaza dodoso lolote. Nikasema moja tu, masika, maswali themanini na manne, zawadi kipimajoto. Hakijafika.

"Walikuuliza unalala upande gani?"

Ndiyo.

"Na unachoogopa?"

Ndiyo.

"Na ndugu wa karibu, na anapokaa? Na picha?"

Ile ya tai ya bluu, nikasema. Kisanduku nilichotia alama, kasema, kimeandikwa "Nakubali". Akatoa mkobani fomu walizomtumia pamoja na taarifa ya kifo changu: nambari ya akaunti, nambari ya kitambulisho, saini. Vyote vimejazwa, "ili kaka yako apumzike". Zimekosa kutumwa kwa sababu basi liliondoka kabla posta haijafunguliwa. Kazichana vipande vipande.

Jumatatu, 18 Novemba

Polisi wameandika maelezo. Wamesema nisijibu chochote. Mtu wa koti la kijivu hawamjui. Mitra kanibinya mkono kuhakikisha una joto, kisha kanipa kalamu, nami nimeandika "Sikuagiza" kwenye majarida yote. Karatasi za msiba kabandua Zlatina mwenyewe.

Kituo cha basi, kabla hajapanda, kaniapisha. Nisijibu barua ya mtu nisiyemjua, milele. Nimeapa. Atarudi Krismasi. Jiko tutalizungumza, kasema, tukiwa hai wote wawili.

Jumatano, 20 Novemba

Bahasha nyingine, ya kijivu, laini. Kwa Bwana Evstati Mandov, Aliye Hai.

Inatoka Ofisi ya Kurekebisha Orodha. Wamesikia yaliyonipata, wamesikitika sana. Wako tayari kufuta jina langu kwenye orodha za marehemu, kila mahali, bure! Nijaze tu maswali mia na ishirini.

Nimeapa kutojibu barua. Lakini hii si barua. Ni fomu.

Swali la kwanza: Je, uko peke yako unapojaza fomu hii? Nimeandika: Ndiyo.

Swali la pili: Una hakika?

Nimegeuka kutazama. Hakuna mtu. Nimeandika: Ndiyo.

Hawa ni watu makini. Yamebaki mia na kumi na nane.