Mdiria wa Kichwani

Alhamisi, 6 Machi
Jumamosi chama chetu cha watazamaji ndege kinakwenda mlango wa mto. Atakayeona aina nyingi ndiye atakayeshika daftari la chama mwaka mzima. Miaka mitatu sasa analo shemeji, mume wa dada yangu, daktari wa meno. Yeye kutwa anachungulia vinywa. Mimi ni fundi miwani. Macho ndiyo kazi yangu! Nimemwambia tunakutana saa tatu. Ukweli ni saa kumi na mbili alfajiri.

Ijumaa, 7 Machi
Mazoezi, mlangoni pa duka. Kunguru watatu, njiwa mmoja. Mteja kasubiri miwani yake hadi kasinzia. Jioni dada kapiga simu: ratiba wanayo, kwa nini namdanganya mumewe? Nikasema ulimi uliteleza.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemkuta shemeji keshafika, na chupa ya chai. Ufukweni tukaona shakwe, yangeyange, vitwitwi wakikimbizana na mawimbi. Kufika saa mbili yeye kumi na tisa, mimi kumi na mbili. Katibu, mwalimu mstaafu, akatukanya tusiingie kwenye mikoko, maji yanajaa. Nikaingia. Ndege wa maana hujificha!

Hatua kumi, tope magotini. Kumi na tano, mapajani. Nikakwama kama kigingi. Nikaita. Wenzangu wakaja mbio, kisha wakasimama ghafla, darubini zote kwangu. Nikadhani ni huruma.

“Usitikisike,” shemeji akanong’ona. “Una mdiria kichwani.”

Mdiria wa mikoko, yule ndege mwenye mdomo mrefu mwekundu! Chama hakijamwona miaka sita. Nikainua macho: ukingo wa kofia tu. Dakika nne nzima nilihisi vidole vyake, basi. Wote wakamwandika. Mimi je? Katibu akasema sheria ni sheria, asiyemwona hamwandiki.

Shemeji akakunja suruali, akaja na ubao, akanivuta. Kiatu kimoja kimebaki huko. Daftari kalichukua tena. Tukakaa mchangani, tukanywa chai yake kwa kupokezana kifuniko, tukacheka hadi mbavu zikauma. Siku njema kabisa.

Jumapili, 9 Machi
Nimefikiri sana. Kosa langu nimelijua na nimelikubali: sikuwa na kioo. Leo nimefunga vioo viwili vidogo juu ya fremu ya miwani yangu. Sasa naona utosi wangu wote. Mwakani nitaingia topeni mapema, kabla hawajafika.