Siti ya Baiskeli ya Akina Mama wa Mpuguso

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Elina kairudisha baiskeli. Siti juu! Huyu ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, mrefu kama mkaratusi. Kila akiitumia baiskeli ya kikundi anaivuta siti ifuate miguu yake, halafu anaiacha hivyo hivyo. Nimemwambia mwenye adabu hurudisha kitu alivyokikuta. Akanijibu, "Wifi, siti iko palepale, ni wewe unayepungua kila mwaka." Wenzetu wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi kuna majaribio. Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kinachagua mmoja wa kukaa na baiskeli, awe anazungukia wagonjwa. Atakayeendesha vizuri kutoka kanisani mpaka njia panda na kurudi, basi, ndiye. Lazima niwe mimi. Binti yangu Atuganile kajifungua huko Masoko, wiki ya tatu hii, mtoto sijamwona. Magoti haya hayanifikishi.

Jumatano, 3 Agosti

Zamu yangu ya baiskeli. Nimepata akili! Nimeisukuma mpaka Tukuyu mjini, pale Msasani, kwa Muddy fundi baiskeli. Nikamwambia aiweke siti kwa urefu wangu, kisha aichomelee, isipande tena. Elina akikaa, magoti yampige kidevu. Muddy akasema siti haichomelewi. Nikamwuliza, huu mkungu wa ndizi unautaka au niondoke nao. Akautaka.

Akaniambia nikae juu, kisigino kwenye pedeli ya chini. Mguu ukinyooka ndiyo kipimo. Nikija kukanyagia kwa nyayo za mbele, goti litakunjika kidogo na sitachoka. Mimi! Mzee wa kanisa, ninyanyue mguu mbele ya wanaume wanaokunywa chai! Nikakataa. Nikasema siti ije sawa na nyonga yangu, yatosha.

Nikasimama upande wa juu wa barabara. Upande wa chini, ilipokuwa baiskeli, kuna mfereji wa maji machafu, na kitenge changu ni kipya. Muddy akasema, "Bibi, shuka huku ilipo baiskeli, hapo umesimama mlimani." Nikamjibu milima ya Rungwe nimeipanda kabla mama yake hajaolewa. Akaivuta siti juu, akaivuta tena, mpaka nyonga. Akachomelea.

Alhamisi, 4 Agosti

Uwanja wangu wa nyumbani ni tambarare. Nimesimama kando ya baiskeli. Siti inanifika mbavuni!

Muddy kala ndizi zangu bure. Nimeipiga siti kwa nyundo. Haishuki. Kidole kimevimba.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimepandia kwenye ngazi ya kanisa. Pedeli ikiwa juu naikanyaga, ikishuka inanikimbia. Kiuno kinaenda kulia, kinaenda kushoto, mbele ya mchungaji! Jairo mwenye duka akapaza sauti, "Bibi, hiyo baiskeli au umepanda mti?" Sijafika hata dukani kwake. Mgomba wa kwanza nimeukumbatia.

Akapanda Elina. Mgongo umetulia, miguu inanyooka vizuri, inakunjika vizuri. Kaenda, karudi, hata kuhema hakuhema. Akasema siti haijapata kumkaa hivi, na leo haitikisiki. Wakampa baiskeli.

Jumapili, 7 Agosti

Baada ya ibada wakauliza nani kachomelea siti. Nikasema mimi, kwa upendo wa wifi yangu. Vigelegele! Wamenichagua mwangalizi wa matengenezo ya baiskeli.

Elina akanishika mikono yote miwili. Akasema ndaga fijo, wifi, asante sana, kesho panda keria nikupeleke Masoko ukamwone mtoto. Nimekataa. Mimi nibebwe nyuma ya Elina kama gunia la viazi, Masoko yote inatazama! Nitamwona mtoto nikienda mwenyewe, nimekaa mbele.

Nimemwambia kesho baiskeli haiendi popote, mwangalizi anaipeleka kwa fundi. Nisilomwambia: usukani utashushwa kabisa, utachomelewa. Aendeshe ameinama mpaka mgongo umshinde, airudishe kwangu kwa hiari yake.

Vipimo nitachukua mwenyewe. Muddy ashike spana tu, mdomo afunge.