Nimemwangukia Baba Mkwe

Leo nimeaibika, mimi pamoja na kaniki yangu. Nawaandikia nyinyi tuliokaa benchi moja shuleni kwa sababu habari itawafikia tu, na bora muisikie kwangu kabla Mama Salima hajaitia chumvi.

Hali mnaijua. Tangu vita, ghala zetu ni majivu. Askari wa Mjerumani walichoma mtama, wakala kuku, wakamfunga mume wangu, Baba Lusia, mnyororo na kumpeleka pwani kufanya kazi. Vitani hakwenda, maji ya dawa hakunywa. Alikuwa na mabega mapana, basi, ndilo kosa lake. Mbegu nilizowaficha askari hao ndizo zimezaa sasa, hapa kwenye mteremko chini ya nyumba. Mtama umejaa. Nguruwe nao wanajua. Bila ulingo wa kukaa juu na kuwafukuza, mwanangu Lusia hatakula mwaka huu.

Nilimwomba mjomba anijengee. "Kesho, mwanangu." Kesho ya mjomba imeshaota ndevu! Asubuhi nikashika shoka mwenyewe.

Nguzo nikazikata zote sawasawa. Nikazisimika, nikapanga fito, nikarudi nyuma kutazama. Ulingo umeinama kama paa! (Hesabu nilikuwa nawashinda wote, msijisahaulishe. Mteremko ndio hatukufundishwa.) Nikafumua, nikang'oa nguzo za upande wa bondeni, nikakata nyingine ndefu. Ukakaa sawa. Upande wa nyumbani unapanda kwa hatua moja, upande wa bondeni mtu mzima anasimama chini yake bila kuinama.

Mjomba akaja kukagua, mikono nyuma.

"Kamba umelowesha?"

Magome ya kufungia huloweshwa kwanza yalainike, yakikauka yanabana. Ukiyafunga makavu yanapasuka. Najua! Lakini maji ya huku tunayafuata bondeni, unatoka gizani, unarudi jua limekuchoma utosi. Mtungini yalibaki maji ya Lusia ya kunywa.

"Nimelowesha kwa mate," nikamjibu.

"Haya." Akaenda kukaa mbali. (Mbali sana. Hapo ningejiuliza.)

Nikapanda. Wenzangu, nilivyojiona! Naona shamba lote, naona bonde mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Jirani yangu Mama Salima akapita na kapu lake.

"Mama Lusia! Umekuwa akida huko juu?"

"Wanaume hawapo, nimekuwa mimi!"

Mdomo ukafunguka. Nikawasema wanaume wa kijiji. Nikamsema mjomba, mwenyewe anasikia. Hasira ya mwaka mzima yote ikatoka, na ikamfikia aliyeniachia mtoto na kimya.

"Na huko Chilangala kwa kina Baba Lusia, sijui kama walizaa mwanamume. Walizaa mwiko! Mwanamume gani anakaa pwani asitume hata neno?"

Nikapiga mguu. Mama Salima akanikonyeza. Nikadhani ni jua.

Nikapiga mguu tena. Kach! Kamba moja. Kach, kach! Upande wa bondeni ukaachia wote, nami nikaporomoka na fito zangu, matako yakitangulia. Kaniki ikabaki imening'inia kwenye nguzo kama bendera ya boma. Nikaangukia kitu laini. Kitu kikaguna.

Baba mkwe!

Baba mkwe wangu, ambaye tangu niolewe sijamtazama usoni. Tukikutana njiani mimi naingia porini huku, yeye anaingia porini kule, ndiyo heshima yetu. Alikuwa amesimama kivulini chini ya ulingo, amenipa mgongo, anangoja mtu wa kunipelekea neno lake. Yote niliyosema kayasikia. Na sasa nimemkalia mabegani, nusu uchi.

Mjomba alicheka mpaka akashikilia mabua. Mama Salima alinirushia kaniki huku machozi yanamtoka kwa kicheko. Nikacheka na mimi. Ningefanya nini? (Aibu ya namna hii hutakaswa kwa kuku. Kuku wetu wako matumboni mwa askari.)

Baba mkwe hakucheka. Alijifunika uso kwa shuka, akamgeukia Mama Salima.

"Mwambie mkwe wangu sikukasirika."

"Anasema hakukasirika," Mama Salima akarudia, bado anajipangusa.

"Mwambie mwanangu angetuma neno kama angeweza. Amefia pwani kwa homa. Wenzake waliorudi jana ndio waliomzika."

Mama Salima hakurudia. Akakaa chini palepale, kapu mapajani.

Sikulia. Nilikuwa bado na vumbi mdomoni, na kile kicheko kilikuwa hakijaniisha usoni. Mjomba akanishika mkono.

"Twende ndani, mwanangu. Mjane hatoki nje mpaka matanga yaishe. Ndiyo mila."

"Na nguruwe wana mila?"

Akazidi kunivuta.

"Nijibu, mjomba! Nikitoka humo ndani nitamkuta Lusia anakula nini? Kilio?"

Baba mkwe alitazama mtama, mtama uliopandwa mwanawe hayupo. Kisha akasema na Mama Salima, lakini macho yake yalikuwa kwangu, mara ya kwanza tangu niolewe.

"Mwambie matanga ni pale anapokaa mfiwa. Akae juu."

Akainama, akainua nguzo iliyoanguka, akaanza kuchimba shimo lake upya. Mjomba akamtazama, akatema mate, akaenda kumsaidia.

Kwa hiyo, wenzangu, nawaandikia nikiwa huku juu. Mkipita njia ya kwenda Masasi mkasikia mwanamke anaomboleza shambani, msiseme ana wazimu, na atakayecheka nitashuka nimfuate. Nimeshajaribu jioni hii. Nikimlilia Baba Lusia kwa sauti, nguruwe hawausogelei mtama.